MOTO WA JUU, MOTO WA CHINI: KUOKA PIZA KWA JIKO LA MKAA

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi chetu, Tanga. Yamechapwa kama alivyoyaandaa, pamoja na machache aliyoyaongeza akiwa mbele ya jiko.)



Kwanza naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Kamati ilinitaka nieleze mradi wangu wa piza, ikanionya nisizidishe nusu saa kwa sababu pilau iko tayari. Nitajitahidi. Ila nimeomba majiko mawili yawashwe pale chini ya mwembe, maana piza haielezeki kwa mdomo mtupu. Mimi nikizungumza, kijana wangu atakuwa anapepea. Mkiona moshi unakuja upande wenu mnisamehe, ni vifuu vya nazi, utakwisha sasa hivi.

Wengi wenu mnaijua piza yangu. Wengine mnalijua na deni lake. Nitasema yote mawili, kwa kuwa hayatenganiki.

Mwaka wa nne wa kikundi nilikopa shilingi laki tisa. Hisa zangu zilikuwa laki tatu, na kanuni yetu ni mara tatu ya hisa, kwa hiyo nilichukua mpaka ukingoni. Wadhamini wangu walikuwa wawili. Wakati huo nauza maandazi na vitumbua asubuhi, na nilikuwa nimeona jinsi vijana wa chuo wanavyojipanga kwenye mkahawa mmoja mjini kwa ajili ya piza. Nikajisemea moyoni, unga ni ule ule, hamira ni ile ile, mimi nashindwa nini? Nikanunua oveni ya umeme iliyokwisha kutumika, na sahani za bati kumi na mbili. Nikabandika karatasi dirishani: PIZA IPO.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Nilioka piza kama ninavyooka keki, moto wa wastani, dakika ishirini na tano. Ikatoka ngumu pembeni kama kigae, katikati mbichimbichi. Wateja walikula, wakashukuru, hawakurudi. Na uniti za umeme zilikwisha kama maji kwenye pakacha, kwa sababu oveni ile ilibeba piza mbili tu kwa mara moja, hebu pigeni hesabu ya dakika ishirini na tano kila mara. Halafu ikaja siku ya mahafali. Nilipokea oda ya piza ishirini, nikapewa nusu ya fedha mapema, nikakanda unga tangu alfajiri. Saa tano umeme ukakatika, ukarudi saa moja usiku. Unga uliumuka ukamwagika kwenye beseni, ukanuka kama tembo lililolala. Fedha za watu nilizirudisha. Na kwa kuwa nilizirudisha, rejesho la mwezi ule sikulipa. La mwezi wa pili pia. Na la tatu.

Waliokuwapo wanaukumbuka mkutano ule. Sanduku limefunguliwa, kufuli tatu ziko mezani, jina langu limesomwa kwenye orodha ya waliochelewa kwa mara ya tatu, nami nimekaa nyuma karibu na mlango. Mmoja akasema oveni ikachukuliwe. Mwingine akasema wadhamini walipe, vinginevyo walitia sahihi ya nini? Kanuni ilikuwa upande wao, silalamiki. Mdhamini wangu wa kwanza alilipa sehemu yake pale pale, akachukua mkoba wake akaondoka. Mwisho wa mwaka alipopata mgawo wake hakujiandikisha tena. Leo hayupo hapa. Nilimlipa baadaye mpaka shilingi ya mwisho, akapokea, akaniandikia risiti. Risiti! Mtu tuliyekuwa tukiombana chumvi dirishani.

Mdhamini wa pili mnamjua, ni yule dada anayetuuzia mkate wa kumimina, na leo kakaa mstari wa mbele kajifanya haangalii. Yeye alikuja nyumbani jioni moja, hakutaka hata kuketi. "Nimefuata fedha, sikufuata chai." Alinikuta nimewasha jiko, nimeweka chuma cha chapati, najaribu kuoka piza juu yake ili unga usiharibike. Chini ilikuwa imeungua nyeusi, juu jibini imekaa vile vile nilivyoiweka, haijatoa hata jasho. Akatazama, akatazama tena, akasema: "Sasa wewe unaoka mkate bila kupalia?"

Wageni wetu wa kutoka bara huenda neno hili hawalijui. Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko wa chombo, ili chakula kipate moto wa chini na wa juu. Ndivyo tunavyouoka mkate wa kumimina, na ndivyo bibi zetu walivyokausha wali. Mimi nimezaliwa nikiona mtu anapalia, lakini kwa sababu piza ilikuja kwetu ikiwa kwenye boksi la karatasi, na picha ya oveni, sikufikiri kuwa yanahusiana.

Kumbe yanahusiana sana. Kule piza ilikotoka, mji wa Napoli nchini Italia, haiokwi kwenye oveni kama ile yangu. Huokwa kwenye tanuri la matofali lenye kuba, linalowashwa kuni. Chama cha waokaji wa kule, kilichoanzishwa mwaka 1984 kulinda namna yao ya kuoka, kinataka joto la tanuri lifike karibu nyuzi 485, na piza iive kwa sekunde 60 mpaka 90. Sekunde, jamani, si dakika! Sakafu ya tanuri inapika chini, kuba linarudisha moto juu, na vyote viwili vinakwisha pamoja. Mwaka 2017 UNESCO waliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Oveni za nyumbani nyingi hazivuki nyuzi 250. Kwa hiyo mwenye jiko la mkaa, akijua kulitumia, yuko karibu na Napoli kuliko mwenye oveni.

Kwa nini moto mkali? Nilikuwa najiuliza hilo, mpaka nikaona kwa macho. Donge la unga lina maji mengi ndani. Likikutana na moto mkali ghafla, maji yale yanageuka mvuke kabla ngozi ya juu haijakakamaa, unga unafura, mapovu yanasimama. Ndani panabaki laini, nje panakuwa na ganda jembamba lenye madoa meusi. Moto ukiwa mdogo, maji yanatoka polepole kama nguo iliyoanikwa, na ukija kufungua umepata biskuti. Ndiyo ile piza yangu ya dakika ishirini na tano.

Haya, tuje kwenye kazi.

Unga wa ngano nusu kilo. Maji mililita 310, yaani kikombe cha robo lita kimoja na robo yake. Chumvi vijiko viwili vya chai, visijae. Hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, nacho kisijae. Kwa joto la Tanga hii inatosha kabisa. Sukari usitie. Najua mtanibishia, sisi kila kitu tunatia sukari, na tui tukiweza. Lakini kwa moto huu sukari inaungua kabla unga haujaiva, na maziwa na mayai ni vivyo hivyo. Kanda dakika kumi mpaka donge liwe laini kama ncha ya sikio. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha saa moja na nusu au mbili. Kisha gawa madonge manne, yaviringe, yaache nusu saa nyingine. Mwenye friji anaweza kukanda usiku kwa hamira robo ya kijiko na kuacha unga humo mpaka kesho. Ladha yake ni nzuri zaidi, na umeme ukikatika saa mbili tatu hauna hasara.

Halafu mti wa kusukumia chapati uweke kando. Mti unafukuza hewa yote. Bonyeza donge kwa vidole kuanzia katikati kwenda nje, acha ukingo wa upana wa kidole bila kuugusa, kisha livute taratibu mpaka lifike upana wa sahani ya kulia. Likirudi nyuma, halijapumzika. Liache dakika kumi, usigombane nalo.

Juu yake weka vitu vichache. Hapa ndipo ukarimu wetu unapotuponza, mtu anajaza piza kama anapakia daladala. Nyanya mbili zilizoiva, ziparuze, tia chumvi, zichuje maji kwenye chujio, basi, usizipike. Jibini gramu 80 kwa piza moja inatosha. Jibini ya dukani ndiyo inayokula faida, kwa hiyo mimi nachanganya: maziwa fresh lita mbili nayachemsha, natia maji ya ndimu mpaka yakatike, nachuja kwa kitambaa, nakandamiza kwa kitu kizito. Napata robo kilo na zaidi kidogo. Hii haiyeyuki, mjue hilo, inabaki vipande vyeupe vilaini. Kwa hiyo nusu weka hii, nusu weka ya kuyeyuka. Vitunguu na hoho vikatwe vyembamba kama karatasi. Nyama, kuku, pweza, lazima viwe vimekwisha kuiva kabla, kwa kuwa dakika tano haziwezi kuivisha nyama mbichi, na sitaki kusikia mtu kaumwa tumbo kwa jina langu. Piza ya pweza, niseme bila aibu, ndiyo inayouzika kuliko zote Ijumaa jioni. Mrehani uweke mwisho, piza ikishatoka motoni. Napoli nao hutumia jamii ya mrehani. Sisi tunautia kwenye kikuba, wao wanautia kwenye chakula.

Sasa moto wenyewe. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa mapishi hata mtoto anaweza kuyanakili, lakini moto hauandikiki wote.

Mkaa uwe wa mti mgumu. Ukiugonga kipande kwa kipande unalia kama kigae. Ule mwepesi unaosagika mkononi unawaka vizuri lakini unakufa katikati ya kazi. Washa kwa makumbi, usiwashe kwa mafuta ya taa, harufu yake inaingia kwenye unga na haitoki. Mkaa ukishashika, ongeza vifuu vikavu vilivyovunjwavunjwa. Vifuu vina moto mkali sana, ila mwanzoni vinatoa moshi mweusi, basi subiri. Usiweke chakula wakati bado unaona miali mirefu na mkaa mweusi. Makaa yawe mekundu yote, yamevaa jivu jembamba jeupe. Kwa kawaida ni nusu saa tangu kuwasha. Na usiongeze mkaa mbichi kwenye jiko unalookea. Kuwa na jiko la pili la kuandalia makaa, uchote kwa koleo. Ndiyo maana nimeomba majiko mawili.

Njia ya kwanza ni ya wavu, na hii siyo yangu. Kule Marekani, katika mji wa Providence, mkahawa mmoja uitwao Al Forno ulifunguliwa mwaka 1980 na mtu na mkewe, nao wakajulikana kwa piza inayowekwa juu ya wavu wa kuchomea, mkaa chini, bila tanuri. Anayechoma mishikaki anaweza kuifanya leo hii. Makaa yote yasukume upande mmoja wa jiko la kuchomea, upande mwingine uwe mtupu. Donge ulilolivuta lipake mafuta, lilaze juu ya wavu upande wa moto. Halitaanguka chini, msiogope, linakaza mara moja. Dakika moja, au moja na nusu, mapovu yanainuka na chini pana mistari ya wavu. Geuza. Livute upande usio na makaa, na hapo fanya haraka: mafuta kidogo, jibini kwanza, nyanya kwa matone si kwa kupaka, kisha funika na urudishe ukingoni mwa moto, ukizungusha, dakika tatu au nne. Ujanja wake ni kwamba upande ulioiva ndio unaobeba vitu, kwa hiyo ule wa juu haukai mbichi. Ganda lake ni jembamba na lina harufu ya moshi, wenyewe vijana wanaipenda sana.

Njia ya pili ni ya kupalia, na hii ndiyo ninayoifanya mimi, kwa sababu ukingo wake unafura kama mkate. Chuma cha chapati kizito kinawekwa juu ya jiko la kwanza mpaka kipate moto sawasawa, robo saa hivi. Mfuniko wenye makaa juu yake unapashwa peke yake kwenye jiko la pili kwa dakika kumi. Watu wengi wanaoshindwa ni kwa sababu wanafunika kwa mfuniko wa baridi. Makaa yanaupasha mfuniko kwanza, na piza inasubiri huku chini inaungua. Kupima moto wa chuma, nyunyiza unga kidogo kavu. Ukibaki mweupe ukihesabu mpaka kumi, bado. Ukigeuka kahawia kwenye tatu au nne, tayari. Ukiwa mweusi pale pale, punguza makaa ya chini. Wavu naupima kwa kiganja: mkono juu yake kiasi cha shubiri moja, moja, mbili, ukilazimika kuuondoa ndiyo moto wenyewe.

Unga ulaze kwenye chuma, tandaza vitu juu kwa haraka, funika. Mfuniko uwe karibu lakini usiguse jibini, nafasi ya vidole viwili. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Dada wa mkate wa kumimina aliniambia juu mara mbili, chini mara moja, nami sijapata hesabu nzuri zaidi. Dakika mbili, inua uchungulie. Inua moja kwa moja, usiinamishe, la sivyo majivu yote yanakwenda kwenye chakula. Dakika nne, tano kwa wingi, imekwisha. Hatufiki zile sekunde za Napoli. Lakini tumetoka ishirini na tano tumefika tano.

Jioni ile ya kudaiwa tulioka tatu. Ya kwanza ilijaa majivu. Ya pili mfuniko wa sufuria ya alumini ulilegea na kupinda, nusura utoboke. Ya tatu aliila amesimama, nusu nzima, akasema: "Deni langu bado lipo." Akaenda. Kesho yake akaja na mfuniko wake.

Kuhusu vyombo, basi, msirudie makosa yangu. Alumini nyembamba haifai kwa makaa yanayopepewa. Bati la kuezekea lisitumike kabisa, lina zinki, likipata moto mkali linatoa moshi unaodhuru. Vikaango vyenye rangi nyeusi ya kuzuia kugandisha navyo vina moshi wake, waachieni mayai. Mfuniko wangu ulitengenezwa na fundi kutokana na tako la pipa lililokuwa la mafuta ya kula, lina ukingo wa kuzuia makaa yasimwagike na mshikio mrefu. Kikaango cha udongo nacho ni kizuri, ila kipashwe moto polepole. Na asitokee mtu wa kuokota jiwe mtoni akaliweka kwenye makaa. Maji yaliyo ndani yakichemka jiwe linapasuka na vipande vinaruka usoni.

Jambo jingine lisilo la mchezo. Kazi hii ifanyike nje, au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Mkaa hata usiotoa moshi unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu na kumuua akiwa hajui. Mvua ikinyesha, funga kazi. Usiliingize jiko chumbani, hata kama makaa unayaona yamekufa. Na madera yetu haya ya kitambaa kinachoteleza, yafungeni vizuri kiunoni au mvae kanga ya pamba. Kitambaa kile kikishika moto kinaganda mwilini.

Najua miongoni mwa wageni wetu wapo wa mazingira, na tangu nilipotaja mkaa wananitazama. Wana haki. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mimi nyumbani chai na ugali napika kwa gesi. Lakini gesi haipandi juu ya mfuniko. Kwa hiyo mkaa nimeuwekea siku zake, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, jioni, na nusu ya moto wangu ni vifuu ambavyo wakuna nazi wa sokoni walikuwa wakivitupa. Siku hizi wananiuzia. Nilifanya kosa la kuwaambia navifanyia nini.

Hesabu, kwa kuwa kikundi hiki kinapenda hesabu. Kilo moja ya unga inatoa piza nane. Jibini kwa hizo nane ni gramu 640, nusu yake ya maziwa ya kukatisha. Makaa yakishashika, kila piza ni dakika tano na ya kuandaa inayofuata. Kwa jioni moja naoka ishirini na nne nikiwa na msaidizi. Kosa la wengi ni kuwasha jiko kwa piza mbili. Moto ni ule ule kwa mbili au kwa ishirini, basi mimi nachukua oda kwanza, kisha nawasha. Oveni niliiuza kwa hasara, nikalipa nayo rejesho mbili. Lililobaki nililimaliza kwa miezi kumi na minne, pamoja na faini zote za kuchelewa. Faini hizo ziliingia mfuko wa jamii, na sherehe hii kidogo imeliwa na faini zangu. (Kicheko.)

Sasa nililotaka kusema tangu mwanzo. Kwa mdhamini wangu wa kwanza, deni la fedha lilikwisha, lakini sikuwahi kumwomba radhi. Nilipeleka bahasha. Yeye alitia sahihi kwa ajili yangu bila kuniuliza naenda kununua nini, naye ndiye aliyesikia kutoka kwa watu wa sokoni kwamba nimekwama, si kutoka kwangu. Kama siku ile ya mahafali ningekwenda kwake usiku ule ule nikamwambia umeme umekatika na fedha nimerudisha, nadhani angekasirika, halafu tungetafuta njia pamoja. Nilijificha miezi mitatu. Nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisipite mlangoni kwake. Hilo ndilo lililomwondoa kikundini, wala si laki moja na nusu. Nalisema hapa kwa kuwa na mkutano ule ulikuwa hapa, nanyi mlikuwa mashahidi. Naomba Bibi Katibu aliandike.

Naona kijana ananipungia, chuma kiko tayari. Wenye watoto warudisheni nyuma ya kamba. Bibi Mweka Hazina, njoo unyunyize unga, ninyi mhesabu kwa sauti. Piza ya kwanza isikatwe. Iwekwe kwenye boksi nzima, yule kijana wa bodaboda pale langoni anaijua nyumba, ni dakika tano tu, ataifikisha ingali moto. Ya pili ndiyo yenu.

Haya. Moja… mbili…